Unyayo Kwenye Ubao wa Duka

Morogoro,
9 Juni 1912

Mpendwa mdogo wangu Yunusi,

Assalaam aleikum. U hali gani huko Tabora, na kile kifua chako kimepona? Sisi hatujambo. Mama mzima, anagombana na kuku wake kama kawaida.

Nilikuandikia kwamba makubadhi yangu ya kukimbilia, niliyowashonea matarishi wapeleka barua, hayanunuliwi, na mambo yasipobadilika nitafunga duka nikufuate kwenye reli, mama abaki peke yake. Basi nilimwendea Leonard, fundi wa misheni ya milimani aliyechora picha za kanisani, anichoree ubao wa dukani. Nikamwambia, "Chora soli! Ngozi ya nyati, tabaka tatu, watu waione." Akachora tarishi akikimbia, amewapa watu mgongo, unyayo mmoja juu, mkubwa kama ungo.

Nilijisifu weee! Ijumaa wazee wakapita kwenda msikitini, wakageuza nyuso, hakuna aliyenisalimu. Kumbe kila apitaye namwonyesha unyayo usoni! Shangazi Mwanaasha akanijia juu: "Wee Mikidadi, watu wazima unawaonyesha nyayo, umerukwa na akili?" Nilikwenda kuwaomba radhi mmoja mmoja, aibu imenijaa.

Leonard alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamgeuza mtu wake. Sasa tarishi anateremka Uluguru kuja kwetu, kifua mbele, barua mkononi, anatabasamu. Soli haionekani kabisa, ni vumbi jekundu tu nyuma ya visigino. Ajabu ni kwamba sasa ndipo watu wanapoamini kiatu ni imara, maana aliyekivaa anafika. Jozi zote zimekwisha, na matarishi wa boma wameagiza nyingine. Sifungi duka, Yunusi! Nina furaha hata usingizi sipati.

Leonard alipouliza tarishi ampe sura gani, mama alidakia, "Ya mwanangu aliye Tabora." Akamweleza yote, hata kovu la kwenye nyusi.

Shangazi anakusalimu sana, na Leonard pia, ingawa anakujua kwa rangi za ubaoni tu. Mungu akulinde na akufungulie njia. Jozi moja nimekuwekea, nimepima kwa mguu wangu maana tunalingana. Njoo uivae, kwani kila asubuhi mama anapita kukutazama ubaoni, kisha ananiuliza, "Bado hajafika chini?"

Ni mimi kaka yako, nikupendaye,
Mikidadi