Ndevu za Pamba

Neema, kaa chini kwanza.

Unajua tamthilia ya Flaviana pale shuleni. Leo mazoezini Kimaren wa kidato cha pili kabandikwa ndevu za pamba, anaigiza mzee anayeamua kesi.

Wakapita wababa wawili wa kijiji cha Arash wanagombania ndama. Ndama wa kweli! Wakakaa, wakamweleza Kimaren kesi yao. Naye akaamua!

Flaviana kapiga kelele: "Jamani, huyo ni mwanafunzi!"

Wakamjibu: "Tunajua, mwalimu. Wenye ndevu za kweli wametuzungusha mwaka mzima."

Ndevu za PAMBA, Neema!

Aliyeshindwa kakata rufaa, akauliza mkubwa wa Kimaren ni nani. Wanafunzi wote wakamnyooshea kidole Flaviana.

Rufaa ni kesho. Ndama kafungwa kwenye mlingoti wa bendera.

Flaviana kanipigia sasa hivi, anauliza kama nina pamba.