Mchicha wa Nyuma ya Jengo

Jumatatu, 4 Mei

Nimefunga duka mapema, nikaendesha gari moja kwa moja hadi nyumbani, sikupanda hata juu kuvua baibui. Bustanini. Jua kali, anga haina doa. Nimepanda miche yote ya nyanya na pilipili. Kipande hiki nimekingoja miaka mitatu kwenye foleni ya wapangaji, sina siku ya kupoteza.

Bi Judi kapita na glavu zake. Jirani wa mlango wa pili, na ndiye mwenyekiti wa bustani ya jengo letu. Kaniambia bado mapema, ningoje kidogo, baridi ya huku ng'ambo haijaisha. Nimemtabasamia tu. Mtu wa Mombasa afundishwe jua!

Ijumaa, 8 Mei

Baridi imeua. Yote. Nyanya zimelala chini, nyeusi kama majani ya chai.

Bi Judi kapita tena. Hakusema neno. Angesema ningekasirika. Hakusema, nimekasirika zaidi.

Alhamisi, 14 Mei

Alhamisi ni ya televisheni, kwa Bi Judi. Yeye bisi, mimi kashata. Kipindi chetu ni kile cha watu mashuhuri wanaoshindana kulima. Kila wiki watazamaji wanapiga kura, mmoja anarudishwa kwao. Kuna mwanamitindo mwenye kope za kufagilia. Kuna mcheza mpira mstaafu. Na kuna muigizaji mmoja, mimi namwita Meno. Bi Judi anampenda Meno kama mwanawe wa kumzaa.

Meno akishika jembe utasema kashika mwiko. Kamera ikienda ikirudi, shamba limelimwa. Nani kalima? Nimemwambia Bi Judi kuna vibarua nyuma ya pazia. Kasema nina roho mbaya. Tumecheka mpaka bisi zikamwagika.

Tangu binti yangu Rukia aolewe ahamie mji wa Anoka, nyumba imenyamaza. Saa hii ya Alhamisi naipenda kuliko zote. Basi, nimesema.

Jumatano, 27 Mei

Idi. Swala, kisha pilau. Sahani ya kwanza ya Bi Judi, katika seti yangu ya maua ya buluu. Kapokea kwa mikono miwili, kafurahi.

Jioni sahani imerudi. Imeoshwa inang'aa. Tupu!

Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Huna kitu, weka hata ndimu moja, hata chumvi. Najua mwenzangu hajui. Lakini imeniuma, na kidonda hakiulizi kama ulikusudia. Nimeirudisha kabatini bila kusema.

Jumapili, 7 Juni

Mungu si Athumani! Pale pale nyanya zilipofia, umeota mchicha. Wenyewe! Sikuamini. Nimekata jani nikatafuna, nimesimama katikati ya shamba natafuna kama mbuzi. Ndio.

Nimeuhamisha mche mmoja mmoja ukakaa safu safu. Mbolea, maji. Rukia kaja na mumewe, kaangalia, kacheka. Kaniambia kwa Kiingereza chake kwamba hapa haya ni magugu, na mimi nimeyapanda kwa mstari. Nimemjibu kwa Kiswahili: magugu hayo ndiyo yaliyokukuza. Kachuma mfuko mzima akaenda nao Anoka.

Alhamisi, 18 Juni

Leo Meno kang'oa mchicha. Mbele ya nchi nzima. Kavaa glavu, kaushika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa, kautupa kwenye pipa. Kasema huo ni adui wa bustani, ukiuona usiuonee huruma. Watu wakampigia makofi.

Nimemwambia Bi Judi kile ni chakula. Kadhani natania. Nimerudia. Kanipiga begani, kacheka. Nimeondoka kabla ya kura. Kashata nimeziacha.

Jumamosi, 27 Juni

Bi Judi kanifuata bustanini. Kasimama kwenye safu zangu, mchicha umemfika magotini, umenenepa, mashallah. Kasema kwa upole. Kanuni ya bustani inajulikana: magugu hayaruhusiwi, yanatupa mbegu kwa wenzako. Kamati inakagua tarehe 11. Niung'oe kabla ya hapo, au kipande apewe anayefuata kwenye foleni.

Sing'oi. Nimemwambia hivyo hivyo. Uso wake ukawa mwekundu.

Alhamisi, 2 Julai

Sikwenda kwake. Nimetazama peke yangu, sauti chini. Nimeisikia televisheni yake ikisema maneno yale yale upande wa pili wa ukuta. Wanawake wazima wawili. Aibu.

Rukia kapiga simu. Ng'oa, Mama, spinachi ipo dukani. Spinachi! Ile ya kuteleza kama kamasi? Nimemwambia anipe mumewe niongee na mtu mwenye akili. Mumewe naye kasema ning'oe.

Lakini leo nimeona jambo. Meno kaharibu kila kitu. Karoti zake zimetoka kama kucha. Kisha kaulizwa na kamera, kamtaja bibi yake aliyemlea, machozi yakamtoka. Kura zimemiminika. Kabaki. Watu hawa hawapigii kura bustani. Wanampigia aliyewagusa.

Mimi kulia mbele ya watu siwezi. Kupika naweza.

Ijumaa, 10 Julai

Nimechuma nusu. Nusu nimeuacha usimame, wamwone wanayemhukumu. Tui la mkebe, si la kukuna, lakini litafaa. Kitunguu, nyanya za kununua (nacheka mwenyewe), chapati za kukunjwa. Mikono inaniuma. Sina wasiwasi. Nina kidogo.

Jumamosi, 11 Julai

Nimetandika leso ya kujifunga kwenye meza ya bustani. Nyekundu, ile ya harusi ya Rukia. Kamati imekuja, watu watano pamoja na Bi Judi, wakakuta sahani zinawangoja. Nikawaambia: mnataka kumfukuza mchicha wangu, kwanza mwonjeni.

Mzee wa ghorofa ya chini, mwenye kofia, kaanza. Kaomba chapati ya pili akapangusa sahani mpaka maua ya buluu yakatokeza. Mama mmoja kauliza ni mboga gani, nikamwonyesha kwa kidole: hiyo hapo unayoikanyaga. Karuka! Wengine wawili wamekula kwa adabu, wakasema kanuni ni kanuni.

Wamepiga kura pale pale. Wawili kwa wawili. Imebaki ya Bi Judi.

Hakuwa ameonja. Kasimama anaitazama sahani yake. Kasema hawezi kula kwanza halafu ahukumu, si haki, ataamua akiwa kwake. Kaifunika kwa karatasi ya bati akaenda nayo. Hapo ulimi ukaniteleza. Nimemwambia mbele ya watu: sahani yangu ya Idi ilirudi tupu, na kwetu kurudisha sahani tupu ni kumwambia jirani basi.

Kageuka, kanitazama. Akaenda.

Nimeharibu. Bustani nilikuwa nimeishika mkononi, nimeitupa kwa ajili ya sahani. Lakini ni kweli iliniuma, na afadhali ajue.

Alhamisi, 16 Julai

Kimya. Siku zote hizi hata kukohoa kwake sikusikia.

Meno katolewa. Kamtaja bibi yake tena, safari hii hawakumhurumia. Nilitaka kugonga ukuta nimwambie Bi Judi pole. Mkono umefika ukutani, ukarudi.

Nimemwagilia mchicha hata hivyo. Ukiwa wangu, ukiwa wa mwingine, haukukosa kitu.

Jumamosi, 18 Julai

Asubuhi nafungua mlango niende dukani, kidogo niikanyage. Sahani ya maua ya buluu, juu ya zulia la mlangoni.

Ina mchicha. Fungu zima, umeoshwa, mizizi imekatwa, umefungwa kwa ule uzi wa kijani anaofungia mawaridi ya kipande chake. Nimedhani kachuma kwangu. Nimekwenda dirishani kuangalia: safu zangu ziko vile vile. Kisha nikaona kijipande cha gome jekundu kimenasa kwenye shina, yale magome anayoyamwaga chini ya mawaridi. Umeota kwake. Mwenyekiti mzima, umeota kwake, na hakuutupa.

Ndiyo kura yake hiyo.

Duka limengoja. Nimechambua, nimekata, nimekaanga kitunguu. Umeiva haraka, ulikuwa mchanga bado. Nimepakua sahani mbili, nikaenda kugonga mlango wa pili.