Begonia ya Mama

Harstad, 9 Januari

Mdogo wangu mpenzi Ragnhild,

Salamu nyingi kutoka huku ambako jua hatujaliona tangu Novemba. Goti lako linaendeleaje? Mimi ni mzima, baridi tu, nayo tumeizoea.

Najua unangoja habari za begonia ya marehemu mama, ua lake la chungu, ambayo uliniambia ikifa tutakuwa tumemzika mara ya pili. Sikuandika mapema kwa sababu sikuwa na la kukupoza moyo. Kosa halikuwa la ile taa ya mimea niliyoitundika dirishani. Taa huyapa majani kiangazi, lakini chungu kikikaa karibu na kioo cha dirisha, mizizi hubaki kwenye baridi na haiwezi kunywa. Nami nikawa namwagilia tu. Shina likaoza. Nikakata majani, nikayalaza juu ya mchanga wenye unyevu ili yaote. Nayo yakaoza.

Alhamisi akaingia jirani yetu Torbjørg, yule rafiki wa mama aliyeacha ghafla kuja kunywa kahawa. Akaniuliza kama nimefungua baa, maana dirisha langu linawaka zambarau hadi barabarani. Kisha akachungulia chungu: "Mwenzangu, hii umeiua kwa huruma!" Nikamwambia ilikuwa ya mama, na nyingine hatuna. Akatoka bila kuaga.

Alirudi amekumbatia kitu alichokizungushia blanketi. Kufunua, majani yale yale yenye mgongo mwekundu! Huku akitazama sakafu, akasema miaka ile ya kahawa alivunja kitawi cha begonia mama alipokwenda jikoni kuchukua maziwa. Unaijua imani yetu kwamba kitawi cha wizi ndicho kishikacho mizizi. Ila mama aliliona pengo, akaapa mbele ya wanawake wote wa kahawa kwamba aliyelifanya asikanyage kwake tena. Torbjørg akatii. Hata siku ya mazishi alisimama ng'ambo ya barabara. Na mama alikufa akidhani rafiki yake amemdharau tu.

Nikaanza kushukuru, akaniziba mdomo kwa kiganja. "Wee, nyamaza! Mmea wa kupewa haushukuriwi, unataka ufe huu nao?" Tulicheka mpaka tukalia.

Sasa uko mezani, mbali na kioo, na umeanza kutoa jani jipya. Tulia, mdogo wangu, ulale.

Jumapili tutakwenda pamoja kumwashia mama mshumaa kaburini. Torbjørg ameniuliza aanzie wapi kumweleza. Nimemwambia aanze kwa kumsalimia.

Nibusie wajukuu, na shemeji Eirik umwambie namkumbuka.

Dada yako akupendaye,
Gunnvor