Mjibu Maombi

12 Februari

Mdogo wangu,
Habari za huko? Sisi hatujambo, ila wifi yako ana mafua.
Jana nilikuwa ubaoni, tarishi wa mahakama akaingia darasani na kuniita kwa majina yote matatu. Karatasi inasema wewe ni mwombaji, mimi ni mjibu maombi. Watoto wakaulizana mwalimu ameiba nini. Dada, ni kitu gani hicho mdomo wako ulishindwa kuniambia?
Kaka yako

20 Februari

Kaka,
Shikamoo. Wifi ameze dawa, asijifanye shujaa.
Nisamehe. Wosia wa baba unasema nyumba ni amana kwa “watoto wangu”, isiuzwe. Ofisi ya ardhi haikubali kuniandikisha. Wanasema binti aliyeolewa, akafiwa na mume na kurudi kwao, haijulikani kama bado anahesabiwa kuwa mtoto wa nyumba hiyo. Wanataka tamko la mahakama. Karani akaniambia ombi halipokelewi bila mtu wa upande wa pili, nani mwingine yumo kwenye wosia? Nikakutaja wewe, kama ninavyokutaja siku zote nikiulizwa ndugu zangu. Nilipaswa kukuandikia kwanza. Njoo tu tarehe tisa Juni, useme mimi ni mtoto wa baba.
Mdogo wako

15 Juni

Kaka,
Shikamoo. Kimya chako kinanitia hofu. Mnaumwa?
Jaji alikusubiri nusu saa, kiti chako kitupu. Ametamka kwamba sote wawili ni watoto wa baba na tuna haki sawa ya kuishi humu maisha yetu yote. Nimeshinda, kaka, nikarudi nyumbani nikalia jikoni. Nimekipaka rangi chumba chako cha mbele. Njoo.
Mdogo wako

2 Septemba

Mdogo wangu,
Tu wazima. Nakala ya tamko nimeipata, ina muhuri mkubwa kama sahani.
Siku ile nilikuja. Nilikuwa kwenye benchi nje ya mlango, nimevaa koti la harusi yangu. Karani akatoka na kuita mara tatu, “Mjibu maombi!” Nikashindwa kuitikia jina hilo mbele yako. Nikainuka, nikaenda kupanda basi.
Kilikuwa kiburi tu, na kinaniuma. Miaka hamsini nimeingia nyumba ile bila hodi. Leo nina karatasi inayoniruhusu, na naona haya kuja. Wewe ni mtoto wa baba. Nilikuja kulisema hilo, na nikamwachia jaji aliseme.
Kaka yako