Nyumba ya Michezo ya Thornbeck

Thornbeck,
9 Mei 1973

Kaka Wilfred mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini wewe, Wifi Muriel na watoto hamjambo, na kile kikohozi chako kimepungua. Mimi ni mzima, ila magoti yanalalamika, na sababu unaijua.

Nimepata ujumbe wako kwamba nitoke, niache kuwaaibisha. Aibu! Nani kaanza? Hati ya marehemu Bibi Ormerod, aliyeuachia mji kiwanja chake, inasema kiwanja kile kitakuwa na nyumba ya michezo daima, na anayetaka kucheza humo asizuiwe. Miaka sitini mji mzima umejua maana yake: ukumbi wetu wa maigizo, ninakoshona mavazi tangu usichana wangu. Halafu wewe, wakili wa halmashauri, ndugu yangu wa tumbo moja, ukawashauri kwamba hata kibanda cha kuchezea watoto huitwa nyumba ya michezo. Basi waweke kimoja pembeni, wabomoe ukumbi, wapate pa kuegesha magari. Akili unazo, kaka, lakini hapo umezitumia vibaya.

Jumatatu wakakileta, cha mbao, na pazia lake la maua. Mwenyekiti alipokata utepe tu, nikampita, nikajikunja, nikaingia. Akaniuliza nafanya nini humo, mtu mzima na mvi zangu. Nikamwambia nimekuja kucheza, asome hati. Akafoka kwamba nyumba ile ni ya watoto. Nikamuuliza umri umetajwa wapi. Watu walicheka hadi bendi ikashindwa kupuliza. Aliponiamuru nitoke, nikasema nimekwama.

Zimamoto wamekuja mara mbili na grisi yao wanitelezeshe nje. Arkwright, dereva wa tingatinga, amekataa katakata kubomoa ukuta karibu na mtu aliyekwama. Majirani wananipitishia chai na mkate dirishani. Jana niliigiza humuhumu, malkia mimi, mtumishi mimi, mbwa mimi, na watu arobaini walikaa nyasini kunitazama. Hakimu atasikiliza shauri letu la kuzuia ukumbi usibomolewe Ijumaa.

Sasa nikuambie nisilomwambia mtu. Sijakwama. Kila alfajiri natoka, nanyoosha miguu, nanawa uso, narudi. Ukitaka, waoneshe wakubwa wako barua hii, na kesho tingatinga litawashwa. Lakini utakuja wewe mwenyewe kunivuta miguu mbele ya mji mzima, wala sitakurahisishia.

Msalimie sana Wifi Muriel. Watoto wakitaka kuja, ipo nafasi ya wawili wembamba.

Dada yako akupendaye,
Hester