Mkono Niliomnyima Hayrat

Antanimasaja,
Mahajanga,
16 Novemba 2000.

Mpendwa mdogo wangu Nafissa,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itawakuta wazima, wewe na shemeji Assoumani na wote wa nyumbani hapo Unguja. Goti lako je? Limepoa, au bado unapanda ngazi kwa kupumzika kila kidato? Sisi hatujambo, ila joto la mwezi huu linatupika, na mvua inatuahidi tu bila kunyesha.

Nianze na lile unalolitafuta kwa macho huku ukiruka mistari, maana nakujua. Hayrat ni mzima. Ametoka majini kwa miguu yake, hana hata mkwaruzo, na hivi sasa amelala chumba cha pili akikoroma kama baba yake. Alhamdulillahi. Pumua kwanza, kisha uendelee kusoma.

Barua yako ya Agosti ninayo. Uliandika kwamba umempa ruhusa ya shindano moja tu, na kama jina lake halitakuwamo miongoni mwa waliofika, nimpakie arudi Unguja na habari ya kuogelea ife. Uliandika pia kwamba hukunipa mwanao ili nimfanye samaki. Hilo nimelimeza. Ni kweli ulinipa binti yako akiwa na miaka kumi na miwili, asome na nyumba yangu isiwe kimya, na mimi sikukuuliza nilipomwacha aanze kuingia baharini. Nisamehe.

Lakini kusema kwamba mchezo wenyewe ni uzushi wa mwalimu wake Houssen, hapo hapana. Ulipoondoka hapa mwaka 1977, katika msiba ule uliowafukuza wengi wetu, tusiopenda kuutaja, ungeweza kusema hivyo, kwa sababu mashindano ya dunia ya kuogelea yalikuwa ya bwawani tu. Mwaka 1991, kule Perth, Australia, ndipo walipoingiza masafa marefu, kilomita ishirini na tano, wanaume na wanawake. Mwaka 1998, huko huko Perth, kukawa na kilomita tano pia. Na juzi hapa, kuanzia mwisho wa Oktoba, yamefanyika Honolulu mashindano ya dunia ya maji ya wazi peke yake, bila kuegemea bwawa la mtu: tano, kumi, ishirini na tano. Houssen ameyaandika yote katika daftari na hunisomea kila anapokuja kunywa chai, mpaka mimi nisiyejua hata kuelea nimekuwa mwanachuoni wa kuogelea.

Shindano letu lilikuwa dogo, ila waandaaji walishika kanuni zile zile za wakubwa. Tulikaa garini siku mbili hadi Ankify, na kwenye boti ya kuvukia nikatapika mbele ya watu. Cheka tu, nakuruhusu. Jumamosi iliyopita asubuhi, waogeleaji kumi na wanne waliingia majini Nosy Komba, wazunguke maboya mpaka zitimie kilomita kumi, wamalizie ufukweni Nosy Be. Mavazi usiulize. Nguo ilimfika magotini, niliirefusha kwa mkono wangu, na leso ilimngoja nchi kavu.

Houssen alituambia wiki nzima kwamba mwogeleaji hashiki boti wala haguswi na mtu mpaka agonge ubao wa mwisho, uliosimikwa penye maji mafupi karibu na ufukwe. Ndiyo maana hata kinywaji anapewa katika kikombe kilichofungwa kwenye ncha ya mti mrefu. Hayrat alikunywa maji yetu ya ukoko wa wali, nikayatia sukari. Sote tuliitikia, tumeelewa. Tulidhani kinachokatazwa ni kumsaidia mtu. Nani angefikiri kwamba kuamkiana kumo?

Malezi yetu unayajua. Mtoto akimwona mkubwa huunganisha viganja, akainama, akasema kwezi, na mkubwa humpa mkono akaitikia mbona. Hayo hayangoji mtu akauke.

Basi akaja Ibouroi, mwana wa jirani yetu Boinali mshona nguo, wa tatu katika wote. Baba mtu amesimama ndani ya maji pembeni ya ubao, amejaa fahari. Kijana akainuka, akamwona, akasahau ubao. Akanyoosha viganja, “Kwezi, baba.” Boinali akampa mkono. Firimbi ikalia! Mwamuzi akatikisa kichwa na jina likakatwa pale pale, baada ya kilomita kumi nzima. Boinali alibaki mkono umenyooka, hajui aupeleke wapi. Nilimhurumia.

Na mimi, Nafissa, nilikuwa nimesimama upande wa pili wa ubao huo huo, maji magotini, kwa ujinga ule ule.

Sikupata nafasi ya kurudi nyuma. Hayrat aliinuka mbele yangu, macho yamevimba kwa chumvi, midomo imepauka, na nikaona viganja vinakutana. “Kwezi, mama.” Nikaficha mikono yote miwili mgongoni na kusema, “Ubao!” Uso ukamshuka. Alidhani nimemkasirikia kwa kuwa amekuwa wa sita. Akasogea tena, viganja bado vimeinuliwa, maana mtoto asiyeitikiwa hurudia. Nikapiga ukelele ambao hata marehemu mume wangu hakuwahi kuusikia, “Gonga ubao!” Watu wa ufukweni nao wakashika kwa Kimalagasi chao, “Mazotoa! Mazotoa!” kumhimiza. Akageuka, akaugonga.

Hapo nikampa mikono, nikasema mbona, mbona, mbona, nikilia kama niliyefiwa, mpaka mwamuzi akaniomba nisogee wengine wapite. Jina lake lilibandikwa: Hayrat Assoumani, wa sita. Nililisoma mara nne. Boinali naye ameanza kucheka sasa. Anasema mwakani atamtazama mwanawe kutoka juu ya mnazi.

Nisalimie shemeji Assoumani, umwambie binti yake amerithi mabega yake pamoja na kukoroma. Salamu kwa Zaharia na pacha wake, na kwa mzee Ahamada kama bado anasikia. Ramadhani iko mlangoni. Mola aifikishe kwetu tukiwa wazima, na azikubali saumu zetu.

Sasa neno lako. Ulisema akifika, na amefika. Mwezi wa Machi Houssen anataka kumpeleka shindano jingine, na Hayrat hatii mguu majini mpaka barua yako ije. Najua unavyomhofia, na mimi nilimhofia kila dakika. Lakini mtoto alikuwa karibu nami kiasi cha kumshika, amechoka, ananiomba mkono, nikamwacha afike mwenyewe. Sijawahi kufanya jambo gumu kama hilo, na ndilo ninalokuomba nawe ulifanye.

Ni mimi dada yako nikupendaye, leo moyo umetulia,

Bahia