Kikombe Kwenye Msumari

Litein, Jumapili

Mama,

Umeamkaje? Huku mvua inashuka kila siku saa nane, na chai inanukia mpaka wodini.

Jana nilimtembelea mgonjwa wangu nyumbani, Mama Chebet anayechuna majani ya chai. Amemeza dawa za TB miezi sita na bado anakohoa, ingawa makohozi yake hayakuwahi kuonyesha kitu. Tukamtoa tezi la shingoni likapimwe. Majibu yamesema ni sakoidosisi, ugonjwa unaofanana na TB lakini usioambukiza mtu.

Niliwaeleza yeye na watu wa nyumbani kwake. Kikombe chake kilining'inia nje kwenye msumari, mbali na vya wengine. Nikakishusha, nikaomba chai, nikanywea humo. Mume wake akakichukua mkononi mwangu, akamaliza iliyobaki. "Tumemkosea huyu mama," akasema.

Yeye aliuliza tu, "Sasa naweza kubeba mtoto wa Chebet?"

Mama, kile kikombe cha bluu tulichomtengea Baba dirishani alipokuwa akikohoa, mpaka akafariki, bado unacho? Yeye hakuna aliyempima tezi. Hatutajua kamwe.

Usikitupe. Nikija nyumbani, nitilie chai humo.

Nakupenda sana,
Akinyi wako